Programu za Simu na Vifungu Vinavyotumika Tena

Muhogo huficha ugonjwa wake. Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa, kutoka Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, muhogo ndio ugali wa kila siku, na mkulima huweza kuuacha ardhini mwaka mzima na zaidi akiuhesabu kuwa ni akiba yake. Siku anapoung'oa hukuta mizizi ambayo kwa nje yaonekana mizima, lakini ikikatwa kwa kisu, ndani mna mabaka makavu ya rangi ya kahawia yasiyofaa kuliwa wala kusagwa. Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Mtaalamu H. H. Storey aliueleza mwaka 1936 kutokana na uchunguzi wake katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga. Mwaka 1950 mtaalamu mwingine, R. F. W. Nichols, alionyesha kwamba ulikuwa umeenea katika pwani yote ya Afrika Mashariki na katika sehemu za chini za Nyasaland, yaani Malawi ya leo, ng'ambo ya ziwa hilo hilo.

Ugonjwa huu huletwa na virusi. Nzi weupe huvihamisha kutoka mmea hadi mmea, lakini msambazaji mkubwa ni binadamu mwenyewe, kwa kuwa muhogo haupandwi kwa mbegu bali kwa vipandikizi vya shina. Mkulima akikata shina lenye virusi, amepanda ugonjwa pamoja na chakula. Kwa hiyo kuutambua mmea mgonjwa kabla ya kukata vipandikizi ni jambo linalohusu chungu cha mwaka ujao. Dalili zipo katika majani ya chini, ambapo rangi ya manjano hutokea kando ya vishipa, ila si rahisi kwa jicho lisilozoea kuitofautisha na uzee wa kawaida wa jani.

Mwaka 2017 kikundi cha watafiti, akiwamo Amanda Ramcharan na David Hughes wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, kilichapisha matokeo ya kazi iliyofanywa kwa picha za majani ya muhogo zilizopigwa Bagamoyo, katika mashamba ya majaribio ya Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Tropiki, ijulikanayo kwa kifupi kama IITA. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana programu ya simu ya mkononi iliyopewa jina la Kiswahili, Nuru. Mkulima huielekeza kamera ya simu kwenye jani, na programu humwambia kama imeona dalili za ugonjwa, hata mahali pasipofikiwa na mtandao wa simu.

Mwanafunzi mdadisi atauliza mara moja: watu wachache waliwezaje kuifundisha simu kuona? Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya programu hiyo haikuandikwa kwa ajili ya muhogo. Iliandikwa na watu wengine, kwa kazi nyingine, nayo ikachukuliwa ikatumika tena. Ufundi huo wa kutumia tena ndio unaoelezwa hapa, pamoja na hatari yake, kwa sababu anayechukua kazi ya mwenziwe huchukua pia yale ambayo mwenziwe aliyadhania bila kuyasema.

KIFUNGU NI NINI?

Simu ni kompyuta ndogo, na kompyuta haifanyi lolote ila kutekeleza maelekezo, moja baada ya jingine. Maelekezo hayo yakiandikwa katika lugha ya kutungia programu huitwa msimbo. Watu waliotumia kompyuta za kwanza waliona mapema kwamba maelekezo yale yale hurudiwa mara nyingi. Kompyuta iitwayo EDSAC, iliyoanza kazi katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, tarehe 6 Mei 1949, haikuwa na amri ya kugawanya. Kila aliyetaka kugawanya namba moja kwa nyingine ilimbidi aandike mfululizo wa maelekezo ya kufanya hivyo kwa njia ya kuzidisha na kutoa. Ingekuwa kazi ya kuchosha, tena yenye makosa mengi, kama kila mtu angeiandika upya.

David Wheeler, aliyekuwa mwanafunzi hapo, alibuni njia ya kuondokana na adha hiyo. Maelekezo ya kugawanya yaliandikwa mara moja tu, yakawekwa kando kama kifungu kinachojitegemea. Programu kuu ikifika mahali inapohitaji kugawanya, hurukia kwenye kifungu hicho. Ugumu ulikuwa katika kurudi. Kifungu kimoja chaweza kuitwa kutoka mahali kumi tofauti katika programu. Kitajuaje kirudi wapi kikimaliza? Wheeler alifanya programu iache anwani yake kabla ya kuruka, na kifungu, kikimaliza kazi, huirudia anwani hiyo. Vifungu vilitobolewa katika kanda za karatasi, vikatunzwa pamoja, na jamii hiyo ya vifungu ikaitwa maktaba. Mwaka 1951 Wheeler pamoja na Maurice Wilkes na Stanley Gill walitoa kitabu kilichoeleza maktaba hiyo. Karatasi zimetoweka, lakini mtungaji programu wa leo bado husema kwamba "anaita" kifungu kutoka "maktaba", na simu iliyo mfukoni mwa mvuvi wa Liuli huacha anwani na kuirudia mara nyingi mno katika kila sekunde.

DAGAA WA MWALONI

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini shule yoyote ya sekondari ya mwambaoni yaweza kuujaribu. Wanafunzi wanatunga programu ya simu kwa ajili ya katibu wa mwalo. Kila mvuvi aletapo ndoo ya dagaa, katibu hupima, huingiza uzito, na simu humwonyesha malipo baada ya kutoa makato ya kikundi. Programu ina kurasa tatu: ya kupimia, ya stakabadhi, na ya hesabu ya mwisho wa mwezi. Zote tatu zahitaji hesabu ya malipo.

Mwanafunzi mwenye haraka ataiandika hesabu hiyo katika ukurasa wa kwanza, kisha ataiiga neno kwa neno katika ule wa pili na wa tatu. Siku ya kwanza yote yataenda sawa. Baada ya miezi kikundi kinapandisha makato kutoka 3 hadi 5 kwa kila 100. Mwanafunzi anasahihisha ukurasa wa kwanza na wa pili, anausahau wa tatu. Sasa stakabadhi ya mvuvi na daftari la mwezi havipatani, na watakaogombana mwaloni si simu na simu, bali ni katibu na mvuvi, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ni mwizi. Kuiga msimbo si kuutumia tena. Ni kuzalisha nakala ambazo kila moja itaishi na kuzeeka peke yake.

Njia iliyo bora ni kuandika kifungu kimoja:

MALIPO (uzito, bei, makato)
jumla = uzito × bei
rudisha jumla − (jumla × makato ÷ 100)

Maneno yaliyo katika mabano ni mlango wa kifungu. Ndipo anayekiita anapopitishia vitu vyake. Ndoo ya kilo 18, kwa shilingi 3,000 kila kilo, na makato ya 5 kwa 100, itatoa jumla ya shilingi 54,000, makato shilingi 2,700, na malipo shilingi 51,300. Kurasa zote tatu huita MALIPO, wala hapana hata mmoja unaojua jinsi hesabu inavyofanywa ndani. Ikibadilika, hubadilishwa mahali pamoja. Yafaa kutazama pia kwamba bei na makato havikuandikwa ndani ya kifungu. Lau vingeandikwa humo, kifungu kingefaa mwalo mmoja katika msimu mmoja. Vimeachwa nje, na kwa hiyo kifungu hakijui mwalo wala msimu, jambo ambalo ndilo linalokifanya kiweze kusafiri.

Hii ndiyo siri ya kazi yote: kutenganisha yaliyo ya wote na yaliyo ya mahali. Maneno yanayoonekana katika kioo cha simu huwekwa katika faili lake, mbali na msimbo, ili atakayetaka programu hiyo kwa Kiingereza au kwa Kinyasa abadilishe maneno bila kugusa hesabu. Simu za Android zimeandaliwa kwa utaratibu huu tangu mwanzo. Uhifadhi wa habari nao huwa na kifungu chake, ambacho huandika kwanza katika kumbukumbu ya simu na kupeleka mbele mtandao upatikanapo. Katika nchi ya milima kifungu hicho ni cha lazima, si cha anasa. Kurasa za kutazamwa zikitenganishwa hivyo na hesabu, na hesabu na uhifadhi, sehemu moja yaweza kung'olewa na nyingine kuwekwa bila jengo zima kuyumba.

Zipo zana zinazorefusha jambo hili hadi kwenye simu za aina mbalimbali. Kwa kawaida programu ya Android haifanyi kazi katika iPhone, hata huandikwa kwa lugha tofauti. Kampuni ya Facebook ilitoa React Native mwaka 2015, na Google ikatoa toleo kamili la Flutter mwaka 2018, ili msimbo mmoja utumike katika simu za aina zote mbili. Zana hizo zina faida kubwa. Lakini mwanafunzi ambaye hesabu yake imechanganywa na vitufe na rangi za kioo hataokolewa na zana yoyote, na yule aliyekwisha kuzitenganisha amepata nusu ya faida hiyo hata kabla ya kuzipata zana.

Anayepanda kutoka Mbamba Bay kwenda Mbinga huona jambo linalofanana na hili limechimbwa katika miteremko ya Umatengo. Ngolo za Wamatengo ni mashimo yaliyopangwa safu kwa safu mithili ya sega la nyuki. Nyasi hufyekwa na kulazwa kwa miraba, udongo wa katikati huchimbwa na kufunika nyasi hizo, maharage au mahindi hupandwa juu ya matuta, na shimo hushika maji ya mvua yasichukue udongo. Kanuni ni ile ile mlima mzima, na mchimbaji haitungi upya kila asubuhi. Wala hachimbi bila kutazama, kwa kuwa mteremko, udongo na mkondo wa maji ndivyo vinavyopitia mlangoni.

KILO 60 ZA KAHAWA

Wilaya ya Nyasa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi ilipotengwa mwaka 2012, na hadi leo watu na bidhaa hupanda na kushuka baina ya ziwa na milima. Basi si ajabu programu ya mwaloni ikapendwa na chama cha wakulima wa kahawa huko juu. Kwa nini isitumike tena? Kupima ni kupima.

Lakini yule mwanafunzi wa mwaloni, ili kuokoa nafasi ya kumbukumbu, aliamua uzito uhifadhiwe kwa gramu katika nafasi ya biti 16. Biti ni tarakimu ya kompyuta, ambayo ni 0 au 1, na biti 16 zikipangwa kwa namba chanya na hasi hutosha kushika namba kutoka −32,768 hadi 32,767. Kwa ndoo ya dagaa hapakuwa na tatizo, kwani hakuna ndoo ya kilo 32. Gunia la kahawa lina kilo 60, yaani gramu 60,000. Namba hiyo haiingii. Katika lugha nyingi za kutungia programu simu haitalia wala kusimama: itazunguka kama saa inayotoka 12 kurudi 1, na kuandika 60,000 kutoa 65,536, ambayo ni −5,536. Mkulima aliyebeba gunia lake kutoka bondeni ataambiwa kwamba anadaiwa kilo 5 na nusu.

Kifungu hakikuwa na kosa. Kilifanya kwa uaminifu kazi kiliyotungiwa. Kosa lilikuwa katika sharti ambalo halikuandikwa mlangoni: kwamba mzigo usizidi kilo 32. Mtungaji alilijua sharti hilo kwa kuwa aliishi na ndoo za dagaa. Hakuona haja ya kulisema.

Atakayedhani kwamba hayo ni makosa ya wanafunzi na asome habari za roketi Ariane 5 ya nchi za Ulaya. Ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Wafaransa, tarehe 4 Juni 1996, na kabla ya dakika moja kutimia ilikuwa imevunjika vipande angani. Sehemu ya programu ya chombo cha kuongozea ilikuwa imechukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi bila dosari kwa miaka. Humo mlikuwa na namba iliyohusu mwendo wa roketi kwa upande, iliyotolewa katika nafasi ya biti 64 na kutiwa katika nafasi ya biti 16. Ariane 4 haikuwahi kufikia mwendo wa kuijaza nafasi hiyo. Ariane 5 ilishika njia nyingine angani, ikaijaza, na chombo cha kuongozea kikazimika; cha akiba, kilichokuwa na msimbo ule ule, kilikuwa kimekwisha kuzimika kwa sababu ile ile. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba hesabu yenyewe haikuwa na faida yoyote kwa Ariane 5 baada ya kuruka. Iliachwa kwa kuwa ilikuwamo.

Kutokana na hayo, mlango wa kifungu kizuri hueleza mambo matatu: kinapokea nini na kwa kipimo gani, kinarudisha nini, na mipaka yake ni ipi. Hufuatana pia na majaribio yaliyoandikwa, ambayo humjaribu kwa namba ndogo, namba kubwa, sifuri, na namba zisizo na maana kama uzito hasi. Mtu akikihamisha kifungu kwenda mahali papya, huyaendesha majaribio hayo kwanza, kisha huongeza ya mahali hapo. Gunia moja tu la kilo 60 katika orodha ya majaribio lingetosha.

Suala jingine lisilohitaji maneno mengi ni la vifungu vinavyochukuliwa kutoka intaneti. Mwezi Machi 2016 mtungaji mmoja aliondoa katika maktaba ya wote kifungu chake kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 tu, na kazi za watungaji wengi duniani zikakwama, kwa sababu programu zao zilikitegemea bila wao kujua. Shule inayotumia vifungu vya watu na ihifadhi nakala zake, na isome masharti ya mwenye kifungu kabla ya kukitumia.

TENA KWENYE MUHOGO

Sasa Nuru yaweza kueleweka. Kilichotumika tena hapo si kifungu cha mistari michache, bali ni maarifa ya kuona. Google ilikuwa imeunda mtandao wa nyuroni bandia uitwao Inception v3 na kuufundisha kwa picha zaidi ya milioni moja za vitu vya aina 1,000: mbwa, vikombe, meli. Mtandao wa namna hii una tabaka nyingi. Tabaka za kwanza hutambua kingo, rangi na mabaka. Za katikati huyaunganisha kuwa maumbo. Ya mwisho hutoa uamuzi. Kingo za jani la muhogo hazitofautiani kwa asili na kingo za kikombe, kwa hiyo watafiti waliziacha tabaka za chini kama zilivyo, wakafundisha upya ile ya mwisho tu. Badala ya picha milioni zilitosha takriban 2,700 za majani mazima, na 15,000 za vijijani vilivyokatwa kutoka humo. Katika picha ambazo mtandao haukuwahi kuziona, majibu yalikuwa sahihi kwa asilimia 93. Kwa ajili ya simu ulitumika baadaye mtandao mwepesi zaidi, MobileNet, ambao nao ulikuwa umekwisha fundishwa kwa kazi nyingine.

Hata hivyo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yanastahili kusomwa kwa makini. Programu ilipopelekwa kwenye hali halisi ya shambani, kipimo cha ubora wa majibu yake kilishuka kwa karibu theluthi hata kwa majani yenye dalili zilizo wazi, na sababu kubwa ilikuwa ni kutoyaona majani mengi yaliyokuwa wagonjwa. Penye dalili hafifu kazi ilikuwa ngumu zaidi. Jua kali, kivuli, upepo, mkono unaotetemeka, aina nyingine ya muhogo: hayo yote ni masharti ambayo hayakuandikwa mlangoni. Watafiti wanastahili sifa kwa kuyapima na kuyatangaza.

Kutoka Bagamoyo hadi mwambao wa Nyasa ni mbali. Ziwa liko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, aina za muhogo zinazopandwa huko zina majina yake na majani yake, na zipo aina ambazo majani huonyesha dalili kidogo ilhali mizizi imeoza. Jaribio la kuipima Nuru mahali hapo halihitaji maabara. Darasa laweza kuchagua mimea 50 katika shamba moja, kuifunga vibao vyenye namba, na kuandika jibu la simu kwa kila mmea. Wakati wa kuvuna, kila mmea hung'olewa, mizizi hukatwa vipande, na hali yake huandikwa kando ya lile jibu. Matokeo yatagawanyika katika mafungu manne. Yale mawili ambamo simu na kisu vinapatana hayana neno. Fungu ambamo simu ilisema mgonjwa na mzizi ukawa mzima litamgharimu mkulima mashina machache. Lililobaki, la mimea ambayo simu iliisifu na kisu kikaikuta imeoza, ndilo la kuhesabiwa kwanza na kuhesabiwa tena, kwa kuwa mashina ya mimea hiyo ndiyo ambayo mkulima angeyakata na kuyapeleka katika shamba jipya bila kusita.